Nyusi Mbili na Ukuta Mmoja

6 Januari, Jumamosi

Leo ushi wangu wa kushoto umebaki kwenye kitambaa cha kufutia brashi.

Naandika humu kwenye daftari la vipimo kwa sababu nikimwambia mtu nitapasuka. Nilikuwa juu ya ngazi nje ya duka la dawa, namalizia herufi ya mwisho ya bango. Jua kali, jasho linanichuruzika hadi machoni. Nikajifuta bila kufikiri, kama nilivyokuwa nikijifuta miaka mitatu iliyopita nilipokuwa na nyusi zinazoota zenyewe. Mwenye duka alikuwa chini ameshika chupa ya maji aliyoniletea. Akaniangalia, akaangalia kitambaa, akaniangalia tena. Akacheka. Nadhani alicheka kwa kushtuka tu, hana ubaya yule mzee. Lakini alicheka, na mteja wake naye akacheka, na mimi niko juu, ushi mmoja wa wanja upo, wa pili haupo, brashi mkononi, sina pa kujificha.

Herufi nilimaliza. Iandikwe hapa kwamba nilimaliza, na ilinyooka.

Kufika karakana, kaka yangu ameshapata habari. Simu zina mbio kuliko miguu yangu.

"Dada," akaniambia, anapanga makopo ya rangi ambayo yalikuwa yamepangwa tayari, "kazi za nje niachie mimi. Wewe una mkono mzuri, kaa huku ndani uchore mbao. Wateja wanashtuka."

Karakana alituachia baba, mimi na kaka. Nusu kwa nusu, kwa mdomo wake mwenyewe. Kaka ndiye anayekutana na wateja. Mbao nne kati ya tano zinazotoka pale ni za mkono wangu, na kila moja kaka huipiga chini kulia ile alama ya baba, kinyota kidogo cha ncha tano, watu wakasema kaka kaandika. Nimeliacha jambo hilo miaka kumi na moja. Najiuliza nimeliacha kwa nini.

Halafu akaniambia kwamba shule ya msingi ya barabara kuu imekubali. Ukuta mzima wa nje, hatua sitini, jina la shule, herufi zote na picha za kila herufi. Michoro ile niliifanya mimi kwenye karatasi, wiki tatu, mpaka shingo ikakakamaa. Kaka akasema ataipandisha ukutani yeye.

"Ukuta huo ni wangu," nikasema.

"Utasimama barabara kuu miezi miwili kwa uso gani?"

Aliponiangalia nikajua amejuta kabla hajafunga mdomo. Lakini maneno yalishatoka.

7 Januari

Kwa uso gani. Kwa uso gani! Nimelirudia mpaka mama ameniuliza kama ninasali.

8 Januari, Jumatatu

Nimepiga moyo konde. Nimekwenda kwa yule binti anayechanja nyusi kwa sindano na rangi isiyofutika, ghorofani juu ya duka la viatu. Nilitarajia muziki na vioo na harufu ya manukato. Nikakuta chumba cheupe kama zahanati, kitanda kimoja, taa kubwa, na msichana mwembamba mwenye glavu ambaye hakucheka hata mara moja.

Nikafuta wanja mbele yake. Mara ya kwanza kumwonyesha mtu asiye mama wala daktari. Daktari wa ngozi alisema ni mwili wenyewe umeamua kupigana na nywele zake, hali hiyo haiui, haiambukizi, na zinaweza kurudi au zisirudi. Nyusi zilianguka kwa miezi miwili. Nilizikuta kwenye mto kila asubuhi.

Yule binti akanishika kidevu, akageuza uso wangu kushoto, kulia. "Ngozi nzuri," akasema. Kisha akakaa. "Sasa nisikilize, mama, kwa sababu watu hawanisikilizi. Siku za mwanzo zitakuwa nyeusi na nene, utanichukia. Wiki ya pili zitabanduka, utanichukia zaidi. Ya tatu utajiangalia usione kitu, utataka kunishtaki. Mwezi ukiisha rangi inapanda tena, na hapo ndipo mnanisahau kabisa. Wiki ya sita unarudi naongezea palipopungua."

"Na mimi nifanye nini muda wote huo?"

"Usiguse."

"Zikiwasha?"

"Usiguse. Usilowanishe, usitoke jasho, usipigwe jua, usijikune, usibandue gamba. Usiguse."

Amenipaka tone la rangi nyuma ya sikio, tuone kama ngozi itaikataa. Huyu nimeshampa jina: Bi Usiguse.

9 Januari

Sikio salama.

10 Januari, Jumatano

Nimemwambia kaka. Alidhani natania. Alipoona sitanii akakasirika, kisha akakata kauli kama hakimu: "Ukuta unaanza tarehe tano Februari, kabla mvua hazijakaribia. Siku hiyo uwe na uso usiofutika. La sivyo napanda mimi, na tusisikie tena habari hii."

"Sawa."

"Na usije ukalia."

"Nani atalia?" nikamjibu. "Nunua kiti ukae uangalie."

15 Januari, Jumatatu

Yamefanyika. Niandike yote wakati bado nakumbuka.

Tangu jana hakuna kahawa, hakuna aspirini, maana damu ikiwa nyepesi inasukuma rangi nje. Alinipaka dawa ya ganzi kwenye nyusi, au tuseme mahali pa nyusi, akanifunika kwa karatasi laini. Nilikaa nusu saa nahisi paji la uso limehama.

Halafu akatoa uzi. Uzi mwembamba uliopakwa rangi nyeusi. Akauvuta kwa mikono miwili, akaugusisha kwenye paji langu, ukaacha mstari. Nikashindwa kunyamaza.

"Hii ni kamba ya chaki!"

"Ni nini?"

Nikamweleza. Sisi waandika mabango tukitaka mstari ulionyooka ukutani, mtu mmoja anashika ncha hii, mwingine ncha ile, kamba imejaa chaki, tunaivuta, tunaipiga, pa! Ukuta umepata mstari. Yeye anafanya hivyo hivyo kwenye uso wa mtu. Katikati ya pua mstari, mwanzo wa ushi mstari, kilele mstari, mkia mstari. Kwa mara ya kwanza akatabasamu. Akanipa kioo.

Tukabishana kwa dakika ishirini. Nilimwambia kushoto umepanda milimita moja. Akasema mfupa wangu wa kushoto ndio uliopanda. Nikamwambia ukuta ukiwa umepinda hatufuati ukuta, tunafuata jicho la anayepita barabarani. Akafikiri. Akafuta, akapiga uzi upya. Nikajua niko kwa fundi.

Maumivu? Mwanzo ni kama paka anakukwaruza juu ya nguo. Mashine inalia zzz ndani ya fuvu, na machozi yanatoka yenyewe, si kilio. Mpaka ushi wa pili, ganzi ilikuwa imeanza kuchoka na nikahesabu herufi za ukuta wa shule kichwani, moja moja na picha yake, mara tatu. Nilipiga chafya mara moja. Bahati alishainua sindano.

Aliponiinua nikajiona. Nyeusi, nene, ngozi imevimba na kuwa nyekundu pembeni. Nikalia. Ndiyo, nililia, na kaka hakuwemo mle chumbani kwa hiyo haihesabiki. Nililia kwa sababu niliona uso wangu umekasirika. Miaka mitatu uso huu haukuwa na uwezo wa kukasirika.

16 Januari

Mama, baada ya kuniangalia muda mrefu akiwa na kijiko cha uji hewani: "Mwanangu, umerudi na nyusi za jambazi."

Tumecheka mpaka nikashika mbavu. Kucheka kunavuta ngozi, kunauma.

17 Januari

Bado jambazi. Nafuta maji maji kwa pamba, napaka mafuta kidogo sana, kiasi cha punje ya mchele. Naosha uso kuanzia mashavu kushuka chini, kama mtoto anayekwepa sabuni.

18 Januari

Kaka amenitumia mbao tatu nyumbani, "kwa vile huwezi kutoka." Nimeziandika. Amezifuata jioni, hakuniangalia usoni. Najua zitapigwa kinyota.

20 Januari, Jumamosi

Joto. Nimekaa ndani, dirisha wazi, nisitoke jasho. Nyusi zimekaza kama zimepakwa gundi. Zinawasha. Mama yangu aliyezaa watoto watano na kuzika mume anashinda sebuleni kunilinda nisijikune. Nikinyanyua mkono tu, "We!"

22 Januari

Zinawasha zinawasha zinawasha.

24 Januari, Jumatano

Nimefanya ujinga.

Zimeanza kubanduka tangu jana, magamba madogo kama rangi ya dirisha kuukuu. Ushi wa kulia unabanduka kwa adabu. Wa kushoto, karibu na kilele, gamba moja limenyanyuka upande mmoja na upande mwingine limeshika. Mtu mwingine angeliona akaliacha. Lakini mimi tangu nina miaka kumi na mbili nimefundishwa na baba jambo moja kabla ya yote: rangi iliyolegea hairuhusiwi kubaki. Kwangua. Kwangua mpaka ufike palipo imara, vinginevyo kazi yote ya juu itakuja kuvuliwa na mvua. Nimewakwangulia watu madirisha, milango, mageti, mbao za mabwana afya. Mkono wangu haujui kuona ncha iliyonyanyuka ukaipita.

Nikakwangua kwa ukucha. Mama alikuwa ameingia jikoni. Sekunde tatu tu.

Likatoka gamba, na rangi ikatoka nalo. Chini kuna kijishimo chekundu, upana wa ncha ya brashi namba mbili, kina damu. Nimesimama mbele ya kioo na gamba limebaki kwenye ukucha, jeusi. Nilijua papo hapo. Ngozi si ukuta, we mwanamke. Ukuta hauoti.

25 Januari

Nimempigia Bi Usiguse. Nilidhani atanifokea. Akasema polepole, "Umegusa."

"Nimegusa."

"Kwa nini?"

"Lilikuwa limelegea."

Akashusha pumzi. Amesema nisafishe, nisipake kitu kingine, na kama patavimba au kutoa usaha niende hospitali siku hiyo hiyo nisimngoje. Pakipona patakuwa na kovu dogo, na kovu huwa linakataa rangi. Huenda pakabaki wazi.

"Sijakuchukia," nikamwambia.

"Subiri wiki ya tatu," akajibu.

28 Januari

Hapajavimba. Pamekauka.

30 Januari, Jumanne

Hamna kitu. Magamba yote yameisha na chini yake hamna kitu. Kivuli tu, rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi. Ukisogea hatua mbili kutoka kioo, mimi ni yule yule wa mwaka jana. Nimeshinda nikipita mbele ya kioo na kurudi.

Najua aliniambia. Naandika hapa kwamba aliniambia. Lakini kuambiwa na kuona ni vitu viwili, na zimebaki siku sita.

Kaka alipita kuchukua mbao. Safari hii aliniangalia. Ule upole machoni mwake umeniudhi kuliko angecheka.

"Tarehe tano," nikamwambia mlangoni.

"Dada..."

"Tarehe tano, kaka. Chaki ninayo."

2 Februari

Nimeshika kalamu ya wanja mara mbili leo. Nimeiweka chini mara mbili. Nikichora juu, nitajifuta tena juu ya ngazi, na nitarudi pale pale kwenye kitambaa. Mara ya tatu nimeitupa kwenye pipa la jikoni chini ya maganda ya vitunguu, nisiweze kuifuata.

5 Februari, Jumatatu

Nimeanza ukuta.

Kaka alisema hatakuja. "Uso wako haujawa tayari na mimi sitasimama nikiona watu wanakucheka." Nikamwambia basi asisimame. Lakini kamba ya chaki inataka watu wawili, na hilo alilijua aliposema. Nilikuwa nimeshafika mlangoni na ndoo na ngazi na kofia pana niliyoamriwa na Bi Usiguse, nawaza nitafunga ncha ya pili kwenye msumari, nikasikia nyuma yangu: "Ningoje nivae viatu."

Mama. Miaka sabini na mitatu, na kigoda chake kwapani.

Alikaa chini ya ukuta akashika ncha. Mimi nikaenda na ncha yangu hatua ishirini. "Vuta, mama!" Akavuta. Nikapiga. Mstari ukatoka umepinda. "Mama, umelegeza!" "Nilikuwa nasalimia mtu!" Mara ya nne tukapata. Wapita njia walituangalia, wengine wakacheka, na sikujua wanacheka nyusi au mama. Kufika saa nne nilikuwa sijali.

Jasho likaja. Nikajifuta kwa kitambaa. Nikakiangalia kitambaa kabla ya kuwaangalia watu, mazoea. Kitambaa kilikuwa na vumbi la chaki basi.

Wakati wa mapumziko watoto wakatoka. Wakajipanga nyuma yangu. Kasichana kamoja kasiko na meno mawili ya mbele kakaniuliza kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo: "Shangazi, mbona nyusi zako zimepauka?"

Mama akajiandaa kukafokea. Nikamzuia kwa mkono.

"Zimelala."

"Zitaamka lini?"

"Wiki ijayo."

Kakanikagua bila haya. "Sawa," kakasema, "nitaangalia."

6 Februari

Jina la shule, nusu. Shingo inauma kwa furaha.

7 Februari

Mtu mmoja kwenye gari alipunguza mwendo akanipigia kelele kuhusu uso wangu. Sitaandika alichosema. Nilimgeukia na brashi ikidondosha rangi nyekundu, nikamwambia ateremke aje arudie karibu. Hakuteremka.

8 Februari

Kasichana: "Bado zimelala."

12 Februari, Jumatatu

Kasichana kalinikimbilia kabla sijashuka ngazini. Kakasimama, kakakodoa macho. Halafu kakageuka kakawapigia kelele wenzake wote uwanjani, "Zimeamkaaa!"

Nikatoa kioo mfukoni, kile cha kukagulia herufi kinyume. Zimepanda. Si nyeusi ya jambazi tena, ni rangi ya kahawia iliyokolea, laini, kama zilizoota. Na pale kwenye kilele cha kushoto, upenyo mdogo, mweupe kidogo kuliko ngozi.

"Hapo pamebaki," kakanionyesha kwa kidole.

"Nilibandua gamba."

"Mwalimu anasema tusibandue vidonda."

"Mwalimu wako ana akili. Mimi nilikuwa mbishi."

Kalifikiria jambo hilo. "Bado u mbishi?"

"Sana."

20 Februari, Jumanne

Nina hasira, lakini kwanza ukweli wa leo.

Mwalimu mkuu alikuja kukagua. Mama mrefu, sauti ya gwaride, miwani imeshikwa kwa kamba shingoni. Akatembea ukuta wote, akarudi. "Nzuri sana. Kaka yako ana kipaji cha kuchora. Aliponiletea michoro yake kwenye karatasi niliidhinisha siku hiyo hiyo. Na wewe unaifuatisha vizuri."

Unaifuatisha vizuri.

Nikamwambia, "Mwalimu, michoro ni yangu." Akavaa miwani. Nikachukua mkaa, nikamchorea palepale kwenye kipande cha kadibodi sungura wa herufi S, bila kuangalia karatasi. Akamwangalia sungura, akaniangalia mimi. "Ahaa," akasema, na kuondoka.

Nikashuka nikaenda karakana na rangi mikononi.

"Kaka, nijibu leo. Ulinitaka nikae ndani kwa ajili ya nyusi zangu, au kwa ajili ya mkono wangu?"

Alikuwa anapiga kinyota kwenye ubao wangu. Akaweka brashi chini. Nilingoja aanze kupiga kelele, maana kaka akibanwa hupiga kelele. Hakupiga.

"Vyote viwili," akasema.

Miaka yote nimejiandaa kwa ubishi, sikujiandaa kwa hilo.

"Tangu baba yu hai nilijua mkono ni wako," akaendelea, anaongea na ubao. "Yeye pia alijua. Nikawa naogopa watu wakijua, mimi nitabaki wa kubeba ngazi. Nyusi zako zilipoanguka..." Akajipangusa mdomo. "Nilikuhurumia, dada. Wallahi nilikuhurumia. Na huku nikapumua."

Miaka mitatu nilidhani kaka ananionea haya. Kumbe alikuwa anajificha nyuma ya uso wangu. Nilitaka kumpiga na kopo. Nilitaka pia kumshika kichwa kama alivyokuwa anakishika cha kwangu tulipokuwa wadogo, radi ikipiga. Nikafanya jambo la katikati.

"Basi kesho uje ubebe ngazi," nikamwambia.

21 Februari

Amekuja. Amebeba ngazi.

22 Februari

Mama amemkabidhi kaka ncha ya kamba kwa sherehe. "Shika hivi. Usilegeze. Usisalimie watu." Kigoda hakuondoka nacho. Anakaa kivulini anatusimamia.

26 Februari, Jumatatu

Leo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kuongezewa rangi, na sikwenda. Nikienda nitarudi tena ndani siku kumi, bila jua, bila jasho, na mawingu yameanza kujikusanya kila alasiri upande wa mashariki. Herufi tisa zimebaki. Mvua ikipiga rangi mbichi, kazi yote inashuka kwenye mtaro. Kaka alisema, kwa upole wa kweli safari hii, "Nenda, nitakumalizia." Nikamwambia hapana. Zamani ningetafuta sababu ya adabu. Leo nilisema hapana tu, na jua halikuanguka.

Saa kumi Bi Usiguse akaja mwenyewe. Na glavu zake mfukoni! Akanisimamisha kando ya barabara, akanigeuza uso kushoto, kulia, watu wanapita.

"Zimeshika vizuri. Zinataka kukolezwa kidogo mikiani, inaweza kungoja hata mwezi mwingine." Akasogea karibu na kilele. "Na hapa ulipokwangua, kovu limefunga. Naweza kujaribu kupaziba. Mara mbili, tatu, pengine patashika."

Nilikuwa na jibu tayari, kumbe. Sikujua mpaka lilipotoka.

"Mikia utakoleza. Hapo paache."

"Patakuwa panaonekana daima."

"Ndiyo. Hilo ni kosa langu mwenyewe, sikuletewa na ugonjwa wala na mtu. Na nimechoka kuficha."

Akaniangalia kama fundi anavyoangalia kazi ambayo mteja ameikatalia umaliziaji. Inamuuma, naijua hali hiyo. Kisha akaonyesha ukuta. "Huyo ng'ombe umemchora wewe?"

"Mimi."

"Pembe ya kushoto imepanda milimita moja," akasema, akaondoka zake. Nilikwenda kupima. Imepanda kweli.

1 Machi

Manyunyu. Tumefunika kwa turubai, mimi na kaka, tunakimbia kama vichaa. Maji hayakuingia.

5 Machi

Zimebaki herufi nne.

9 Machi

Moja na nusu. Mawingu meusi, hewa nzito, jasho kama maji. Najifuta na mkono mzima, tena kwa nguvu.

11 Machi, Jumatatu

Umekwisha.

Hatua sitini. Nimeutembea kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuugusa, nikihesabu. Kasichana kalitembea nyuma yangu kakisoma kwa sauti na kukosea mbili. Mwalimu mkuu akatoka na walimu wote. Mbele yao, kwa ile sauti ya gwaride, akauliza nani anaweka alama ya fundi. Kaka alikuwa ameshika brashi ndogo, imechovywa tayari. Kwa mazoea, najua. Miaka kumi na moja mkono wake umekwenda chini kulia wenyewe.

Akaitazama ile brashi. Akanipa.

Nilichuchumaa. Sikuchora kinyota. Baba alikichora chake na kilikuwa chake. Nilichora nyusi mbili, kahawia iliyokolea, ndogo, upana wa kiganja, wa kulia umekamilika na wa kushoto una upenyo kwenye kilele. Nikasimama, magoti yakalia. Watoto wakaelewa kwanza, wakaanza kunionyesha vidole na kuonyesha ukuta.

Kaka akainama kukagua. Ni fundi, jicho lake haliwezi kupita kasoro. Tone la kwanza la mvua lilikuwa limeshaanguka kwenye lami. Akachovya ncha ya brashi haraka, akanyoosha mkono kwenye ushi wa kushoto.

"Hapa umeruka, dada, ngoja nikuzibie kabla..."

Nikamshika mkono.

"Usiguse," nikamwambia.